Nilivyostaafu Ufugaji kwa Mayai Kumi na Moja

Nianze na ujinga wenyewe, nikishaumaliza tuheshimiane. Nilitoa mayai kumi na moja chini ya kuku wa Mwajuma, nikayachemsha mpaka yakaiva, nikayapoza kwenye beseni, nikayarudisha kiotani kama mtu aliyetoka kusali. Kuku akarudi, akayageuza moja moja kwa mdomo, akayakalia. Wala sikuwa na njaa. Nilikuwa na wivu, na wivu haushibi hata ukiupikia.

Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, nipo kidato cha nne, na mifugo ya nyumbani kwetu nimeihudumia miaka minane bila likizo. Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mtakaoshika tenga baada yangu, mkiwemo mapacha wa jirani ambao mpaka leo wanaogopa jogoo. Habari za kupanda cheo msizitafute humu. Juu yangu alikuwepo mama peke yake, na kile cheo hakiachiwi wazi. Mshahara nao tuuache, nisije nikalia mbele ya watoto.

Nilianza kazi nikiwa darasa la tatu. Kwetu ni kijijini, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Nduguti, na baba anafanya kazi gereji ya malori kule Shelui, anarudi Jumapili mbili kwa mwezi akinuka grisi. Kwa hiyo nyumba ni ya mama. Siku hiyo aliniita uani, akanipa tenga, ndoo ya pumba na maneno machache: "Jua likizama niwakute wote ndani."

Nikawakimbiza. Niliwakimbiza kuku ishirini na kitu kuanzia saa kumi mpaka jua linazama, nikaingiza wanne, na kila nikimleta wa tano, wawili wanatoka. Jogoo alipanda juu ya paa la jiko akawa ananiangalia kama mkaguzi. Ndipo akapita Mzee Kiula, jirani yetu, ambaye ndiye mchanjaji wa kuku wa kitongoji chetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unafanya mazoezi?"

"Nawaingiza kuku."

"Kuku hakimbizwi, mwanangu. Kuku anaitwa." Akachota uwele kiganja kimoja, akamwaga mlangoni mwa banda, akapiga ulimi. Wakaingia wote, na jogoo akashuka mwenyewe taratibu, asionekane ameshindwa. Huyo ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa kazi. Alinifundisha pia kuchanja. Chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku banda zima, ni tone moja kwenye jicho, na ukishadondosha usimwachie kuku mpaka apepese. "Asipopepesa," alikuwa akisema, "umemuosha uso tu."

Kosa langu la mwaka ule wa kwanza lilikuwa kuwapa kuku majina ya walimu wetu. Usifanye hivyo. Siku ya Idd mama alinituma nimkamate Mwalimu wa Hisabati, na shule ilipofunguliwa nikashindwa kumtazama usoni. Alikuwa mtamu.

Vifaa vya kazi ni vichache. Tenga la kusafirishia na kufunikia. Kifuniko cha ndoo, ndio bakuli la maji la vifaranga, kwa sababu kwenye chombo kirefu wanazama. Na chungu cha mchwa, ambacho ndicho siri ya vifaranga wetu kukua haraka. Unachukua chungu kikuukuu, unajaza samadi kavu na mabua ya mtama, unalowesha kidogo, unakifunika kifudifudi kwenye tundu la mchwa jioni. Asubuhi unakibinua, mchwa wamejaa, vifaranga wanakula mpaka wanalala wamesimama. Mashudu ya alizeti ni mazuri, lakini mchwa ni nyama.

Kesi ngumu nilizipata. Mbuzi wa mama aliwahi kula mtama mbichi akavimba tumbo upande wa kushoto kama ngoma, nikamnywesha mafuta ya alizeti kwa chupa ya soda huku nimemkalia shingoni. Alipona. Aliponyanyuka alinipiga kichwa, ndiyo shukrani ya mbuzi. Kicheche naye alikuja mara tatu, na mara zote alichagua kuku mzuri kuliko wengine, ana jicho yule.

Lakini kesi iliyonifanya niache mzaha ni mwaka niliokuwa darasa la sita. Tulikwenda kwenye msiba upande wa baba, chanjo ikapita hatupo. Kiangazi kilipoanza, kideri kikaingia. Asubuhi ya kwanza walikuwa wanaharisha kijani, ya pili shingo zimepinda, ya tatu nilizoa banda zima kwa tenga. Akabaki jogoo mmoja na tetea mmoja, wanaangaliana kama abiria walioachwa na basi. Mama hakulia. Alichimba shimo mwenyewe, akafukia, akanawa mikono, akasema, "Huyu aliyebaki akitaga, hakuna yai la kukaanga humu ndani." Miezi mingi hatukuonja yai. Kundi lote la leo limetokana na yule tetea. Nawaambia hili mjue kwamba nilipoweka yale mayai kumi na moja kwenye sufuria, nilijua ninachofanya.

Mwajuma alikuja mwaka jana. Ni binti wa mama mdogo wa Itigi, ana miaka kumi na minne, na aliletwa kwetu kwa sababu shule ya sekondari iko karibu na nyumba. Alishuka kwenye basi na begi moja na tenga dogo, ndani yake kuku mwekundu shingo kavu, yaani hana manyoya shingoni. Mama yake alikuwa amemwambia: usiingie kwa watu mikono mitupu, nenda na huyu, na vifaranga wa kwanza atakaowatotoa kwa dada yangu ni wako. Basi. Ndiyo mali yote aliyokuwa nayo duniani, kuku shingo wazi kama shati lisilo na kola.

Nilimpokea vizuri. Wiki ya kwanza nilimwonyesha kazi kama bosi, mikono nyuma.

"Hiki ni chungu cha mchwa," nikamwambia.

"Ndiyo, kaka."

"Kinafunikwa jioni."

"Ndiyo, kaka. Kwetu tunachanganya na maji ya kuoshea mtama, wanakuja wengi zaidi."

Tulijaribu. Walikuja wengi zaidi. Kuanzia siku hiyo sikumpenda.

Na ningemvumilia kama angekuwa anajisifu. Mtu anayejisifu ana raha yake, unamsema. Mwajuma hajisifu. Anafagia banda huku anaimba, na kuku wanamfuata mpaka mlango wa choo wanamsubiri. Jogoo ambaye mimi ameninyanyasa miaka yote, kwake alikuwa anapanda begani. Mama akaanza kusema mezani, "Muulize Mwajuma," maneno ambayo kwa miaka saba yalikuwa "Muulize Shabani". Mzee Kiula naye akampa tochi yake ya zamani na kipande cha boksi chenye tundu, akamfundisha kupima mayai. Unaweka yai kwenye tundu gizani, unamulika. Siku ya saba yai zima linaonyesha mishipa myekundu kama miguu ya buibui, yai bovu linabaki jeupe. Mimi alishawahi kunifundisha vilevile, ila siku ile kulikuwa na mpira.

Kilichonimaliza ni firigisi. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba. Baba asipokuwepo ni ya mtoto wa kiume mkubwa, na mtoto wa kiume mkubwa ni mimi, wa kati ni mimi na wa mwisho ni mimi. Siku Mzee Kiula alipokuja kuchanja, Mwajuma ndiye alimshikia kuku wote, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho akapepesa. Mimi nilirudi kutoka uwanjani harufu ya mchuzi imeshanikuta njiani. Mama akapakua. Nikanyoosha sahani. Mama akaipitisha firigisi mbele ya pua yangu, akaiweka kwa Mwajuma.

"Mama, hiyo..."

"Hiyo nini?"

"Si ya kwangu?"

"Ni ya aliyefanya kazi."

Mzee Kiula akakohoa, kikohozi cha mtu anayecheka. Mwajuma akaikata katikati, akanipa nusu. Nisingekasirika hivyo kama angeila yote. Ile nusu niliimeza na bado naisikia hapa kifuani.

Wiki iliyofuata kuku wake shingo kavu akaanza kukaa kiotani na kuvimba ukimsogelea. Kuku wangu naye, mweusi niliyemlea tangu kifaranga, alikuwa hivyo hivyo. Mama huwa anawaatamisha wawili siku moja, ili watotoe pamoja. Akapanga kumi na moja kwa kila mmoja; hapendi idadi ya kugawanyika sawa, anasema mayai hayajaja kwenye mgao. Mwajuma akayawekea ya kwake alama ya mkaa.

"Haya ndiyo ya kwako," mama akamwambia. "Yakitotoa, umeanza."

Nikaona uso wa yule mtoto. Nikaona na uso wa mama akimwangalia. Siku ya tatu, mama akiwa mnadani na Mwajuma madrasa, nikamfunika shingo kavu kwa tenga, nikawasha moto. Alama za mkaa zilitoka kwenye maji, nikazichora upya, nadhifu kuliko zake.

Siku ya saba nilijua nimekwisha. Mwajuma aliingia jikoni na tochi na kile kipande cha boksi, akafunga mlango na dirisha. Nikaingia naye, kwa sababu mwizi hapendi kukaa mbali na alichoiba. Akamulika la kwanza. Tochi ikawaka, yai likabaki jeusi kama jiwe. Akalishika muda. Akamulika la pili. La tatu. Yote kumi na moja aliyamulika, taratibu.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Yako vizuri, kaka."

Nikatoka nje nikacheka peke yangu nyuma ya banda. Mtaalamu gani huyu! Tochi ya kupewa, akili ya kuazima! Nilifurahi siku mbili nzima.

Ila kuanzia jioni ile ya tochi, mama akawa na swali jipya. Tumekaa tunakula ugali wa uwele, ananiangalia, anauliza, "Shabani, huna la kusema?"

"Ugali mtamu, mama."

Kesho yake tena, "Huna la kusema?"

"Mchicha umezidi chumvi, ila nimevumilia."

Mwajuma anainama kwenye sahani. Kila jioni swali lile lile, na kila jioni mimi nina utani mpya, mpaka nikaishiwa nikaanza kurudia wa zamani.

Siku ya ishirini na moja kuku wangu mweusi akatotoa. Walitoka vifaranga tisa, wanalia kama redio iliyokosa masafa. Nikawatoa uani, nikawatembeza kama bwana harusi. Shingo kavu akabaki kiotani. Nikasubiri Mwajuma alie. Hakulia. Alikuja kuwaangalia wa kwangu, akasema, "Hongera kaka, wana miguu mizuri," akarudi kwa kuku wake kumpelekea maji kwenye kifuniko. Hata kushindwa anashindwa vizuri kuliko mimi ninavyoshinda.

Sasa angalieni kuku anayeatamia, wadogo zangu. Anatoka mara moja kwa siku, dakika chache, anakula mbio mbio, anarudi. Shingo kavu siku ya ishirini na mbili hakutoka kabisa. Kilemba chake kilikuwa kimepauka, kifua kimekuwa kisu. Mwajuma alikuwa amepiga magoti mbele ya kiota anamlisha mtama mkononi, punje kwa punje, anamwambia kwa Kinyiramba maneno ambayo mtu huyaambia mgonjwa. Nikasimama mlangoni. Nilijua yule kuku anajiua kwa ajili ya mayai ya kuchemsha, na kwamba hatanyanyuka, kwa sababu kuku hajui kukata tamaa mpaka asikie sauti chini yake. Usiku ule sikupata usingizi vizuri, na mimi huwa nalala hata mvua ya mawe ikipiga bati.

Kukicha, kabla watu hawajatoka, nikafanya nilichoona ni uungwana. Nikachukua vifaranga watano kati ya tisa wangu, nikawaweka ndani ya shati. Nikaingia bandani, nikamwinua shingo kavu, nikawasogeza watano chini ya mbawa zake, nikayatoa yale mayai yote kumi na moja nikayapanga kwenye tenga. Vifaranga wakalia. Kuku akatulia, akageuza kichwa, kisha akatoa ile sauti nzito ya ndani, ya kuita. Nusura nipige makofi. Nilijiona mtu mwema, wa kwanza katika ukoo.

Nikatoka na tenga mpaka nyuma ya jiko. Nilitaka nione yai lililochemshwa likakaliwa wiki tatu linakuwaje, kwa faida ya elimu. Nikagonga moja kwenye jiwe la figa.

Ilitoka damu. Ndani alikuwepo kifaranga, ana manyoya yaliyolowa, ana mdomo, macho yamefumba. Akanyoosha mguu mmoja. Kisha akaacha.

Sikujua kwamba nimepiga kelele mpaka nilipomwona mama amesimama mbele yangu na kuni mkononi.

"Unafanya nini na hayo mayai?"

"Mama, haya siyo yale."

"Yale yapi?"

Nikaangalia chini. Yule kifaranga alikuwa pale pale kwenye jiwe.

"Yale niliyoyachemsha."

Mama akaziweka kuni chini, moja moja. "Siku kumi na sita nimelisubiri hilo neno," akasema.

Mwajuma akawa ameshatoka, amejifunga khanga. Ndipo nikaelezwa. Siku ile ya tochi aliona mara moja. Yai lililoiva halipitishi mwanga hata kidogo, hilo hata mtoto wa Itigi anajua. Alimwambia mama jioni ile ile. Kesho yake nikiwa shuleni, mama akayatoa yangu ya kuchemsha, akamwekea shingo kavu mayai mengine kumi na moja ya kutotolewa, wakayachora mkaa. Ndiyo maana yule kuku ilibidi amalize wiki nne kiotani, ndiyo maana Mwajuma alikuwa anamlisha mkononi, ili asife kabla ya siku zake. Na mama akamkataza asinisute. Alitaka niseme mwenyewe.

"Kwa hiyo ukaniambia yako vizuri?" nikamuuliza Mwajuma, na sijui kwa nini nilijitia kuonewa.

"Ulitaka nikuambie nini, kaka? Yameiva?"

Tukakimbilia bandani. Tumechelewa. Shingo kavu alikuwa ameshashuka kiotani, yuko mlangoni na vifaranga watano, anachakura, anawaita. Mwajuma akamshika, akamrudisha juu ya mayai. Akashuka. Akamrudisha tena, akadonolewa mkono mpaka damu. Kuku akishaitwa mama, hayakalii mayai tena, hata umfunge kamba. Mweusi wangu naye yuko uani na wanne wake. Tetea wengine wanataga, hakuna hata mmoja aliyeanza kukaa.

Mwajuma akapiga magoti. Akayakusanya yale kumi yaliyobaki ndani ya khanga yake, akayakumbatia tumboni, na hapo ndipo nikamwona analia kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi.

"Kaka," akasema, "yanapoa."

Nilitafuta utani, kwa mazoea. Haukuwepo. Mama alimwangalia Mwajuma, akayaangalia mayai, akaniangalia mimi kuanzia miguuni mpaka utosini, kama mtu anayepima nguo. Hakupandisha sauti. Aliyosema nayaandika kama yalivyo, sipunguzi wala siongezi:

"Shabani, vua hilo shati. Ingia kwenye kona ya banda, chukua blanketi lako, mayai yaweke tumboni. Zimebaki siku tano. Utayageuza asubuhi na jioni, na ukilala utalala kwa adabu. Chakula atakuletea Mwajuma, akipenda. Shuleni nitakwenda mwenyewe, nimwambie mwalimu Shabani haji wiki hii, anaatamia."